Kusukuma kifua au kumsikiliza mwenye mawazo: hela ya mafunzo ya kikoba iende wapi?

Tulivunja kikoba mwezi wa kumi na mbili, kila mtu akachukua chake, ikabaki laki sita na nusu kwenye mfuko wa jamii. Makubaliano yalikuwa kwamba mwaka huu hela hiyo iende kwenye mafunzo, isiende tena kwenye sare. (Sare za mwaka juzi kuna nyumba zinadekiwa nazo, tusidanganyane.) Tuko 26, wengi kinamama wa Pasua na Majengo hapa Moshi, wachache wanatoka Njoro, na wababa watatu ambao siku zote hukaa karibu na mlango.

Mapendekezo yalikuja mawili. La kwanza la mweka hazina, ambaye shemeji yake alianguka akafa mbele ya wageni kwenye kipaimara mwezi wa nane. Anataka tumlete mkufunzi atufundishe kumsukuma kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. La pili la mama anayeuza mitumba soko la Memorial. Binti yake alijifungia ndani miezi minne, haogi, hali, hasemi, na majirani wakagawanyika kati ya wanaosema ni uvivu na wanaosema ni majini. Yeye anataka tufundishwe namna ya kukaa na mtu mwenye mawazo na kumsikiliza kwa utaratibu, tuache kumpiga maneno ya "jikaze". Hela haitoshi yote mawili kwa ukamilifu. Kwa kuwa nilikuwa nesi miaka 31 kabla ya kustaafu, mwenyekiti akanigeukia: "Sista, wewe ndiye umesoma haya mambo. Tulinganishie, tupige kura."

Nimelinganisha. Naweka hapa wazi ili na vikundi vingine vyenye swali hili visianzie sifuri.

Kwanza tunyooshe majina

Nusu ya ubishi wa siku ile ulitokana na majina. Shambulio la moyo ni pale mshipa unaolisha moyo damu unapoziba. Mtu anabanwa kifua, jasho linamtoka, lakini anaweza kuongea nawe, hata kutembea mwenyewe mpaka zahanati. Moyo kusimama ni jambo jingine: umeme wa moyo umevurugika au umezimika, damu haizunguki, mtu yuko chini, haitiki, hapumui kama watu wanavyopumua. La kwanza linaweza kuzaa la pili. Mtaani yote mawili tunayaita "presha", na kila marehemu "presha ilimpanda". Kusukuma kifua ni kwa huyu wa pili tu.

Upande wa pili, vitabu vinasema sonona. Katika miaka yangu yote ya wodini sijawahi kumsikia mgonjwa akisema ana sonona. Wanasema nina mawazo, kichwa kimejaa, moyo unakwenda mbio, silali, mwili hauna nguvu. Kule Zimbabwe kwa Kishona wanaita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na ukimweleza mama wa Pasua maana ya neno hilo hatakuuliza swali la pili.

Mikono miwili

Mwaka 1960 watafiti watatu wa Johns Hopkins, Marekani, yaani Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker, walichapisha taarifa kwamba kifua kinaweza kubonyezwa kwa nje na damu ikaendelea kwenda kwenye ubongo. Kabla ya hapo daktari alikuwa anapasua kifua na kuukamua moyo kwa mkono. Walichosema, kwa ufupi, ni kwamba vifaa vinavyotakiwa ni mikono miwili. Miaka zaidi ya 60 imepita na hakuna aliyelipindua hilo.

Namba ninayoitegemea ni ya Sweden, iliyochapishwa 2015. Walifuatilia watu 30,381 ambao moyo ulisimama nje ya hospitali, kuna mtu anaona. Waliosukumwa kifua kabla ya gari la wagonjwa kufika, asilimia 10.5 walikuwa hai siku ya 30. Wasiosukumwa, asilimia 4. Wakufunzi wanaipenda namba hii kwa sababu ya kwanza ni zaidi ya mara mbili ya ya pili, na wana haki. Ila mimi naitazama na kwa upande wa pili: katika nchi tajiri, mbele ya shahidi, hata waliosukumwa karibu tisa kati ya kumi walikufa. Anayekuja kutuuzia mafunzo haya kama vile kila atakayesukumwa atainuka, tumrudishe mlangoni.

Swali walilouliza kinamama kwa sauti ya chini lilikuwa hili: lazima nimpulizie mdomoni baba wa watu? Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, hapana. Sweden hiyohiyo mwaka 2010 walilinganisha wapiga simu ya dharura walioelekezwa kusukuma tu na walioelekezwa kusukuma na kupuliza. Kwa kusukuma tu, asilimia 8.7 ya walioanguka walikuwa hai baada ya siku 30. Kwa yote mawili, asilimia 7. Kitakwimu hiyo si tofauti. Lakini mtoto aliyeopolewa kwenye mfereji ni habari nyingine. Huyo pumzi ndiyo ilikatika kwanza, moyo ukafuata. Usipompulizia hewa unazungusha damu isiyobeba kitu.

Sasa niseme la kipaimara, maana mweka hazina amenipa ruhusa. Mimi nilikuwa nyuma upande wa majiko, nilipofika mbele alikuwa ameshapakiwa kwenye Noah. Nilisimuliwa na watu sita, kila mmoja na yake, lakini wote walikubaliana jambo moja: "Sista, alikuwa anapumua. Tulimsikia kabisa anakoroma." Wakamlegeza tai, wakampepea na bahasha za zawadi, mmoja akammwagia maji usoni, mwingine akawa anahangaika kutafuta sukari ya kukoroga. Dakika zikaenda.

Kukoroma kule si kupumua. Ni pumzi za mwisho za mwili ambao ubongo wake umekosa damu, zinakuja moja moja, kwa mbali, mdomo ukifunguka kama wa samaki aliyetolewa majini. Zinawahadaa watu kila mahali duniani, si Moshi tu. Mtu hashtuki ukimwita na kumtikisa mabega, hapumui kawaida, basi unaanza, hungoji mkoromo uishe. Kama mkufunzi atatufundisha hilo peke yake, kwangu hela imerudi.

Namna yenyewe haina ufundi mkubwa. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka, unashuka sentimita 5 mpaka 6, unaachia kifua kirudi juu kabisa, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Ni kasi kuliko mama anayetwanga kwenye kinu. Nilijaribu nyumbani kwa dumu tupu la lita tano, limefungwa mfuniko, nimelizungushia kanga mbili. Linalia po likishuka, po likirudi. Kabla dakika ya pili haijaisha mikono ilikuwa inatetemeka na mjukuu wangu ameshikilia tumbo kwa kucheka. Ndiyo maana wanasisitiza mpokezane kila dakika mbili. Mbavu zinaweza kuvunjika, ndiyo. Mbavu huunga.

Ambacho Sweden wanacho na Pasua hatuna

Kusukuma kifua hakuuwashi moyo. Kunavuta muda mpaka ije mashine ya kuushtua. Kila dakika inayopita mtu akiwa chini, hasukumwi wala hashtuliwi, nafasi yake ya kupona inashuka kwa kama asilimia 7 mpaka 10. Stockholm kuna anayepokea simu na kukuelekeza, kuna gari linalokuja na mashine ndani yake. Pasua, saa mbili usiku, gari lako la wagonjwa ni bajaji. Ukipiga 112 unapata polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji, na ile 115 tunayoisikia kwenye matangazo ni ya m-mama, ya wajawazito na vichanga. Na ndani ya bajaji huwezi kusukuma kifua cha mtu. Nimeliwaza kila namna, miguu inabaki nje.

Kwa hiyo siwezi kuichukua asilimia 10.5 ya Sweden nikaiweka hapa kwetu kama ilivyo. Itakuwa chini.

Kuna utafiti wa huku kwetu kaskazini, uliochapishwa 2020, ambao ningependa usomwe kwenye kila kikao kabla ya dondoo nyingine zote. Walichukua watu wazima 681 waliofika kitengo cha dharura wakilalamika kifua au pumzi, wakawapima umeme wa moyo na damu. Watu 152 walikutwa na shambulio la moyo. Kwa wastani walikuwa wameugua siku zaidi ya sita kabla ya kufika. Ndani ya siku 30, zaidi ya wanne kati ya kumi walikuwa wamefariki. Siku sita! Siku sita za Eno, tangawizi, kuombewa, na "nimelala vibaya". Hao hawakuhitaji mtu wa kuwasukuma kifua, walihitaji mtu wa kuwaambia "panda bodaboda sasa hivi twende". Mafunzo ya kusukuma kifua yasiyotenga hata nusu saa kwa jambo hili, kwa Moshi hii, ni nusu mafunzo.

Mmoja wa wababa wa mlangoni aliuliza kama si bora tuchange tununulie hospitali dawa au mashine za kisasa. Nilimjibu kwa mifano miwili. Adrenalini, dawa anayochomwa mtu ambaye moyo wake umesimama: Uingereza, 2018, wagonjwa 8,014. Waliopewa, asilimia 3.2 walikuwa hai siku ya 30. Waliopewa maji ya chumvi, 2.4. Lakini kati ya walionusurika kwa adrenalini, asilimia 31 walikuwa na madhara makubwa ya ubongo, dhidi ya 17.8 upande wa pili. Kuupoza mwili wa mtu ambaye moyo wake umerudi kupiga, mpaka nyuzi 33: mwaka 2002 ulisifiwa sana, mwaka 2021 utafiti mkubwa wa nchi kadhaa ukakuta waliopozwa walikufa asilimia 50 na wasiopozwa asilimia 48. Vya ghali vilivyorundikwa juu ya mikono havijaongeza kama tulivyotarajia. Akanyamaza, nadhani kwa kuridhika.

Upande wa kusikiliza: hapa ndipo niliposogea

Nikiri kwamba nilianza nikiwa upande wa mweka hazina. Nesi amelelewa kwenye mambo ya kukimbia. Kilichonisogeza ni kuona tafiti za kusikiliza zilifanyika wapi na nani aliyesikiliza.

Uganda, vijiji 30 vya Masaka na Rakai, ng'ambo tu ya Kagera. Watu 224 waliokuwa na sonona au wakiikaribia. Wababa kivyao, kinamama kivyao, saa moja na nusu kila wiki kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida wa hukohuko waliopewa mafunzo ya wiki mbili. Mwaka 2003 matokeo yakatoka: waliokaa kwenye vikundi, asilimia 6.5 ndio waliobaki na sonona. Ambao hawakukaa, asilimia 54.7. Angalia pia kwamba hata hao wa pili wengi walipata nafuu wenyewe, maana mwanzoni karibu wote walikuwa nayo. Muda nao hutibu kiasi, na haki yake tuutambue.

Rawalpindi, Pakistan, 2008: kinamama 903 waliokuwa na sonona wakiwa wajawazito. Waliotembelewa na wahudumu wa afya wa kijijini waliofundishwa, asilimia 23 walikuwa bado wagonjwa mtoto alipofika miezi sita. Wengine, asilimia 53. Goa, India, 2017, vikao sita mpaka nane na mshauri asiye daktari: waliopona asilimia 64, dhidi ya 39 ya waliopata huduma ya kawaida.

Na Harare. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza mwaka 2006 na bibi 14 kwa sababu wataalamu hawakuwepo na majengo hayakuwepo. Bibi wanakaa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wa 2016 ulihusisha watu 573. Baada ya miezi sita waliokaa benchi wenye sonona walikuwa asilimia 13.7, waliopata huduma ya kawaida asilimia 49.9. Bibi 14! Kwenye kikoba chetu tuna bibi 11 tukiacha mimi.

Kinachofanyika kwenye benchi lile si maongezi ya kujiliwaza, na hapa ndipo watu wanapokosea wakidhani "sisi tayari tunasikilizana". Kuna hatua tatu wanazoziita kuvhura pfungwa, kusimudzira na kusimbisa, yaani kufungua fikra, kuinua, na kuimarisha. Nilijaribu ile ya kwanza, kwa ridhaa yake, na mama mmoja jirani. Aliyamwaga yote: mkopo wa kausha damu, mume asiyetuma hela kutoka Mererani, mtoto amerudishwa shule, mgongo. Kwa mazoea yangu ningeshaanza kushauri kwenye la pili. Badala yake niliandika yote kwenye karatasi, nikamsomea, nikamwuliza tushike lipi moja kwanza. Nilidhani atasema mkopo. Akasema mtoto. Tukaendelea kuuliza: utamwona nani shuleni, siku gani, utamwambia nini, utabeba shilingi ngapi. Akaondoka na Alhamisi, mwalimu wa taaluma, na elfu kumi. Hakuondoka na neno la faraja hata moja kutoka kwangu. Jumamosi alinijia mwenyewe kabla sijamtafuta.

Hiyo ni mara moja na mtu mmoja, msiihesabu kama ushahidi. Ushahidi wa karibu zaidi na mlango wetu ni huu: kati ya Moshi na Bungoma, Kenya, watoto 640 waliofiwa na mzazi na kubaki na majeraha ya moyo walifuatiliwa, nusu yao wakawekwa kwenye vikundi, vikao 12, wakiongozwa na washauri wasio wataalamu, walezi wao nao wakishirikishwa. Mwaka 2020 ikachapishwa. Mara baada ya vikao, waliohudhuria walikuwa na nafuu zaidi katika maeneo matatu kati ya manne ya utafiti (mjini na kijijini, kila nchi). Baada ya mwaka, faida ilibaki upande wa Kenya. Upande wetu makundi mawili yalikuwa yamefikiana. Kwa hiyo na huku sina muujiza wa kuuza. Nina tiba iliyojaribiwa na watu kama sisi, mikononi mwa watu kama sisi, ambayo mara nyingi inasaidia na mara nyingine tofauti yake hufifia.

Dawa nazo?

Mwaka 2018 walijumlisha majaribio 522 ya watu 116,477, dawa 21 za sonona. Zote zilishinda kidonge bandia, nyingi kwa kiasi cha wastani. Zinachukua wiki mbili mpaka nne kuanza kuonekana, na hapo ndipo wengi huziacha wakisema hazifanyi kazi. Binti wa mama wa Memorial anatumia, na ameanza kufua nguo zake. Msikilizaji wa kikoba hashindani na dawa, na hana kazi kabisa kwa mtu anayesikia sauti zisizokuwepo. Huyo ni wa hospitali, siku hiyohiyo.

Tatizo la kikoba ni kikoba

Sasa niseme lisilosemwa kwenye tafiti za Harare wala Rawalpindi. Sisi tunadaiana. Kati ya kinamama wanaokuja kwangu na mawazo, wengi kisa chao kinapitia kwenye deni, na baadhi ya hayo madeni ni ya humu humu ndani. Je, anayemsikiliza mwenye deni awe ndiye anayemdai? Mweka hazina akae na mtu amwambie "nifungulie moyo wako" huku daftari la marejesho liko mapajani? Hapana. Na siri: msinilazimishe nitaje mfano wa mwaka jana, wote mnaujua, na ulifika mpaka Kiboriloni kabla chai haijapoa.

Kwa hiyo tukichagua kusikiliza, nina masharti, na bila hayo mnihesabu upande wa pili wa kura. Wasikilizaji wawe wanne tu, si 26. Wasiwe viongozi wa fedha. Wasimsikilize mtu wanayedaiana naye. Na kila mwezi wakae na mtaalamu wa afya ya akili awasahihishe, maana kila utafiti niliotaja hapo juu ulikuwa na msimamizi nyuma ya watu wa kawaida, na kikundi kinachochukua mafunzo na kumwacha msimamizi kimechukua ganda.

Sharti la mwisho linahusu swali la tisa. Kuna orodha ya maswali tisa inayotumika duniani kote kupimia sonona, na ya Kiswahili ipo. La tisa linauliza kama umewaza kwamba ni afadhali ufe au ujidhuru. Watu wanaogopa kwamba ukimuuliza mtu unampa wazo. Humpi; alikuwa nalo kabla yako, na wengi wanashusha pumzi kwa kuulizwa. Lakini ukishauliza na akasema ndiyo, huwezi kumwambia "Mungu yupo" ukamrudisha nyumbani peke yake. Lazima pawe na namba ya simu ya mtaalamu aliyekubali kupokea, na mtu wa kumsindikiza. Tusipokuwa navyo, tusianze.

Hesabu

Mkufunzi wa huduma ya kwanza tuliyemwuliza ametaja elfu 15 kwa kichwa, siku nzima pamoja na bandeji, kuungua na kuumwa na nyoka. Kwa 26 ni 390,000. Kusikiliza: wanne, zaidi ya wiki ya mafunzo kama walivyofanya Harare, nauli, chakula, na posho ya msimamizi miezi sita, tumekadiria 520,000. Jumla 910,000. Hatuna.

Ila nilimrudia mkufunzi nikamwuliza: ukiondoa nyoka na bandeji, ukabaki na kumtambua aliyesimama moyo, kusukuma tu, na dalili za shambulio la moyo, saa tatu, kwa bei moja ya kikundi? Akakuna kichwa, akasema 120,000. Yote mawili yanakuwa 640,000. Inabaki elfu kumi, haitoshi hata maandazi.

Tofauti moja ya uchakavu: ujuzi wa kusukuma kifua unapotea ndani ya miezi michache usipoushika. Mnaweza kufundishwa mwezi wa pili na mwezi wa nane mkasahau mkono uwekwe wapi. Kwa hiyo dumu likae kwenye kila kikao, dakika tano kabla ya marejesho. Ujuzi wa kusikiliza unakua kwa kutumika, mradi msimamizi yupo.

Mtu mwingine aliniuliza kama tukiwatibu wenye mawazo hatutakuwa tumewalinda na moyo pia, tupige ndege wawili. Wamarekani walijaribu kwa wagonjwa 2,481 waliokuwa wametoka kwenye shambulio la moyo, matokeo yakatoka 2003: ushauri ulipunguza mawazo, vifo havikupungua. Kinyume chake ndicho cha kweli zaidi: mtu aliyenusurika moyo kusimama mara nyingi anarudi na woga, usahaulifu na huzuni, na mwenzake aliyemwona ameanguka naye halali. Siku tukimpata aliyenusurika, atahitaji pia wale wasikilizaji wanne.

Ninavyoona mimi

Kama kikundi chenu ni madereva wa bodaboda wa kijiwe cha hospitali ya KCMC, wapagazi na waongozaji wa mlima, au walimu wa shule yenye bwawa la kuogelea, chukueni kusukuma kifua, kozi nzima, na kupuliza pumzi kuwemo. Ninyi ndio mtakaokuwepo mtu akianguka, na hamkutani kila wiki kwa utulivu wa kumsikiliza mtu.

Kama ni kikoba, hela nyingi iende kwenye kusikiliza. Mwenye mawazo yuko nasi kila Jumamosi, kiti cha tatu kutoka dirishani, analipa hisa zake na kuondoka. Lakini msiache zile saa tatu. Mioyo mingi husimama nyumbani, si barabarani, na walioko nyumbani na wazee wetu ni sisi hawahawa. Mkiwa na hela ya kimoja tu na hamna msimamizi wa afya ya akili aliyekubali kwa mdomo wake, chukueni saa tatu za kifua na mbaki na chenji yenu mpaka mumpate.

Kura ni Jumamosi. Mweka hazina ameniambia hawezi kupiga kura dhidi ya shemeji yake, na simlaumu, ingawa kwa mpango huu hapigi dhidi yake. Nimemwomba alete dumu la lita tano, lililooshwa, lenye mfuniko wake. Lisilo na mfuniko linabonyea halirudi.